Nakala ya Herufi Kubwa

Watu wa Idara ya Magereza walimwita Mama Nukta, kwa kuwa hakuna barua iliyotoka mezani kwake ikiwa na nukta iliyopotea. Kwa miaka ishirini na sita alipiga chapa taarifa ambazo idara hupeleka bungeni kila mwaka: wangapi wameingia, wangapi wametoka, wangapi wamekufa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na ulimi mkali, na makarani walipomsikia akikohoa koridoni walificha vikombe vyao vya chai.

Ndugu wa damu alikuwa naye mmoja tu, mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma. Mama yao alipofariki, fundi huyu alikuwa na miaka sita, na Mama Nukta ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamtandika, akamfundisha kusoma kwa karatasi zilizoharibika ofisini. Alifika miaka thelathini na nne bado anamwita "Dada" kwa ile sauti ya mtu anayetaka kuomba kitu.

Siku moja fundi alipigana na mteja aliyemtukania mama, akampasua mdomo, akapelekwa mahabusu kusubiri kesi. Siku ya tatu dada mtu akapigiwa simu aende kuchukua maiti. Cheti cha gereza kilisema shinikizo la damu.

Alimfunua kwa mikono yake mwenyewe. Shinikizo la damu gani hilo linalong'oa meno na kuchana nyayo? Taya lilikuwa limehama upande, kucha tatu hazipo, na shingoni pamebaki alama ya soli ya buti, unaweza kuhesabu mistari yake. Hakulia. Alishikwa na hasira, akamfunika, akatia saini.

Sasa, kila mtu akifa gerezani, gereza huleta idarani karatasi mbili: ya mganga na ya mkuu wa zamu. Taarifa ya bunge hufuata ya mkuu wa zamu. Ya mganga hulala jaladani mpaka mende waichoke. Mama Nukta alifungua jalada. Mkuu wa zamu aliandika neno moja, "Maradhi". Mganga, mtu mwoga lakini mwenye dhamiri, alijaza ukurasa mzima: majeraha yote, na yale mahabusu wenzake waliyoyashuhudia.

Na huyo mkuu wa zamu alikuwa nani? Askari wa miraba minne, waliyemwita Nyundo. Wiki mbili baada ya mazishi alipandishwa cheo, akaletwa makao makuu awe mlinzi wa Mkurugenzi. Vifundo vya mkono wake vilikuwa bado na magamba ya kidonda. Kila asubuhi alipita mlangoni akasema, "Shikamoo, mama." Hakujua alikuwa anamwamkia nani. Mama Nukta alijibu, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kupiga chapa.

Mkurugenzi naye alikuwa na yake. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini miwani aliikataa, eti inamzeesha. Basi Naibu wake alikagua taarifa ya kawaida, wabunge wakapewa hiyo, na Mkurugenzi akapigiwa chapa nakala yake peke yake, ya herufi kubwa mno. Nakala hiyo hakuna aliyeikagua. Mwenyewe hakuisoma kabla, maana aliamini hotuba ikisomwa mara mbili inachacha. Miaka yote hiyo aliisomea mbele ya kamati kwa mara ya kwanza, kwa sauti nene, bila kusikiliza anachosema.

Mwaka huo Mama Nukta alichomoa jedwali la ukurasa wa kumi na moja wa nakala hiyo, akaweka karatasi ya mganga, neno kwa neno.

Kamati ilikaa saa nne asubuhi. Mkurugenzi aliapa kusema kweli tupu, akaanza. Mama Nukta alikaa nyuma yake na majalada mapajani. Nyundo alisimama mlangoni. Kurasa kumi zilipita, mbunge mmoja akasinzia.

"Vifo," Mkurugenzi akanguruma. "Mahabusu huyu, fundi wa kuchomelea, alifungwa kwenye nguzo ya jikoni. Mkuu wa zamu alimpiga nyayo kwa waya hadi ngozi ikaachana. Alipoomba maji alipigwa mdomoni kwa kitako cha bunduki." Hapo akasikia anachosoma. Akaisogeza karatasi karibu na macho.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa makamo, alifunua nakala yake. "Hapa kwetu pana jedwali, Mkurugenzi."

"Mheshimiwa, ukurasa umechanganyika."

"Umekula kiapo. Soma kilicho mkononi mwako."

Akasoma. Mbavu tano. Kucha zilizong'olewa kwa koleo. Buti lililokaa shingoni mpaka miguu ilipoacha kurusha mateke. Aliyesinzia alikuwa macho kodo.

"Huyo mkuu wa zamu yuko wapi sasa?" Mwenyekiti aliuliza.

Macho ya Mkurugenzi yalikwenda mlangoni, na ya watu wote yakafuata. Mama Nukta aligeuka pia, akamtazama Nyundo usoni. "Alikuwa mdogo wangu," akamwambia.

Nyundo alivuka ukumbi akisukuma viti. Kirungu cha kwanza kilimpata Mama Nukta begani, cha pili tayani, na mfupa ukalia watu wakausikia. Alianguka chini ya meza. Nyundo akamfuata huko huko kwa buti, tumboni, mgongoni, huku anamwita mchawi. Askari wanne wa bunge walimrukia na bado aliwaburura.

Na Mkurugenzi? Masikini, alichanganyikiwa, akashika kitu pekee alichokijua. Akafunua ukurasa wa kumi na mbili, akaendelea kusoma kwa sauti ileile nene: "Matumizi ya nguvu kupita kiasi kwa mwaka huu: hakuna."

Hakuna aliyecheka. Nyundo alitolewa akiwa amefungwa pingu, na karani mmoja akapiga magoti, akakiweka kichwa cha Mama Nukta mapajani. Damu ilimtoka mdomoni na vipande vya meno.

"Weka karatasi chini," Mwenyekiti alimwambia Mkurugenzi. "Nakuuliza wewe, si karatasi. Huyu fundi alikufaje?"

Mkurugenzi aliziweka. Alimtazama mpiga chapa wake pale sakafuni, kwa karibu, kama mtu asiyeona vizuri.

"Tulimuua, Mheshimiwa," alisema.

Mama Nukta alikuwa ameisubiri kauli hiyo miezi minne. Akalia kwa sauti, na taya limevunjika, na hakuna aliyemnyamazisha.