Mstari Niliousogeza Kushoto

Simu ya Mama ililia mara moja jikoni. Huo mlio bado uko masikioni mwangu.

Leo asubuhi nilikuwa najaribu programu yangu ya kwanza, ya kuwatumia SMS wakulima wa kituo chetu cha maziwa hapa Kiplombe. Ni kwa wale tu ambao maziwa yao yamepatikana na mabaki ya dawa za ng'ombe: "Maziwa yako yamekataliwa. Mwaga."

Programu ilikataa. Ikasema mstari wa kutuma umeanza mahali pasipofaa. Nikausogeza kushoto kidogo, ikakubali. Nikafurahi, jamani.

Kumbe nilikuwa nimeutoa chini ya sharti la dawa, lile linalochagua nani atumiwe. Ukamtumia kila mtu SMS hiyo.

"Chebet, mbona kituo kinasema nimwage?" Mama alikuwa ameshainua ndoo.

"Usimwage, Mama. Ni mimi."

"Wewe ndiye kituo siku hizi?"

Nikakimbilia kuizima programu, nikakosea nenosiri mara tatu. (Mliowahi kufanya hivi, niambieni mlilalaje.)

SMS nyingine nani angeiamini? Nimewapigia simu wakulima wote arobaini, mmoja mmoja, nikitaja jina langu.

Mzee Kiprono, mmoja wao, alikuwa ameshamwaga yake.

Nimempelekea maziwa yetu ya leo.