Curtly Arudi kwenye Graimu

Daktari alipomwambia Curtly Hippolyte kwamba kisanduku chake cha sauti, kile cha kooni, kitaondolewa chote, hakuuliza kama atapona. Aliuliza upasuaji ni lini. Akajibiwa, baada ya Pasaka. Akatoka hospitali, akapita kituo cha basi bila kukiona, akatembea mpaka sokoni Upton Park, kwenye kibanda cha Ansel Toussaint, fundi simu. Wawili hao walikuwa hawajasemeshana tangu ujana.

Zamani walikuwa chanda na pete. Ansel alitengeneza midundo, Curtly akachana mashairi juu yake kwa kasi ya mvua ya mawe, kupitia kituo cha redio kisicho na kibali walichokificha jikoni kwa mama yake Curtly, Bi Verna, ghorofa ya juu kabisa katika mtaa wa Bow. Hiyo ndiyo ilikuwa graimu: besi nzito, maneno makali, na kejeli kwa vijana wa mtaa wa pili. Bi Verna alikaanga samaki wake palepale, na mara nyingine sauti yake iliruka hewani: "Curtly, toa miguu mezani kwangu!" Mtaa mzima ukavunjika mbavu.

Kisha kampuni kubwa ikamtaka Curtly peke yake. Ikamvisha suti nyeupe, ikampa kwaya ya wasichana na wimbo mtamu wa kiangazi uliopigwa hadi kwenye maduka ya viatu. Ansel hakupigiwa hata simu. Haukupita muda, kampuni ikamchoka. Tangu hapo Curtly alikuwa dereva wa gari la mikate, na kila alikoshusha mikate kulikuwa na mtu wa kumwimbia kile kiitikio, ambacho yeye mwenyewe alikichukia kuliko kifo.

"Simu imekufa?" Ansel aliuliza bila kuinua macho.

"Nataka tutengeneze albamu."

Ansel akamtupia jicho, akarudi kwenye simu yake. "Nani, mimi na wewe? Kawaite kwaya yako."

"Graimu tupu, Ansel. Kama zamani."

"Zamani ulikuwa na nywele, mshkaji." Kisha Ansel akasita. Sauti aliyokuwa akiisikia ilikuwa inakwaruza kama koleo kwenye zege. Akamtazama vizuri. "Una mafua?"

"Saratani. Wanakata yote."

Ansel akaweka bisibisi chini. Alianza kufunga kibanda mchana kweupe, na mteja bado amesimama akidai kioo cha simu yake.

"Njoo kesho, mama," Ansel akamwambia. "Huyu hana kesho nyingi."

Walirekodi chumbani kwa Ansel, godoro limeegemezwa ukutani kuua mwangwi. Curtly aliitaka kasi yake ya zamani, lakini pumzi ilimkatalia. Mistari aliyokuwa akiimaliza kwa mkupuo mmoja sasa ilimkatikia katikati, akakohoa hadi akashika magoti, akafuta damu mdomoni na kurudi kwenye kipaza sauti.

"Nipunguze mdundo kidogo?" Ansel aliuliza. "Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Basi pumzika, ndugu yangu."

"Nitapumzika baada ya Pasaka! Weka mdundo!"

Alichana kuhusu jiko la mama yake, kuhusu suti nyeupe, kuhusu mikate ya alfajiri. Kila jioni alimpigia simu Bi Verna, ambaye yeye Curtly alikuwa hajamwambia lolote kuhusu ugonjwa, ili tu mama aisikie sauti yake.

"Mbona umekuwa na sauti ya marehemu baba yako?" mama alimuuliza.

"Ni baridi, mama."

"Vaa skafu. Haya, sema tena, nini hicho ulichokuwa unaniambia?"

Hakuwa akimwambia kitu cha maana. Aliyarudia maneno yake vilevile, taratibu, neno kwa neno.

Wimbo wa mwisho ulimhusu Ansel mwenyewe. Curtly alikuwa ameuahirisha tangu mwanzo, na alipouanza, wiki ya Pasaka, sauti ilimkatikia katikati ya ubeti wa kwanza. Akajaribu tena. Ikatoka hewa. Akaupiga ukuta ngumi, akafungua mdomo apige kelele, ikatoka hewa vilevile. Ansel akazima mashine. Ubeti aliuacha hivyohivyo nusu, ukifuatiwa na mdundo mtupu.

Albamu ilizinduliwa majira ya vuli, miezi kadhaa baada ya upasuaji, Jumapili mchana, katika ukumbi wa mtaa kule Bow. Wachanaji wa zamani walikuja na vitambi vyao. Wimbo wa kwanza haujafika mbali, watu wakaanza kupiga kuta kwa viganja, kama walivyofanya zamani wimbo ulipowakuna: "Rudisha! Rudisha!" Ansel akaurudisha mwanzo, ukumbi ukalipuka. Curtly alikuwa amekaa mbele pamoja na mama yake, tundu la shingoni limefunikwa kitambaa. Kelele ile alikuwa ameililia miaka yote. Mdomo ukafunguka wenyewe aijibu, na hewa ikamtoka shingoni. Bi Verna akamshika mkono kwa nguvu.

Ukafika wimbo wa mwisho. Ubeti ukakatika, mdundo ukaendelea peke yake, na mtu mmoja nyuma, asiyejua, akapaza sauti: "Mpeni Curtly amalizie!" Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwake. Curtly akasimama nacho. Ukumbi ukangoja. Akakiweka juu ya kiti, akatoka nje.

Ansel alimkuta kando ya mapipa ya taka. Curtly akamwonyesha simu: *Sirudi humo. Siwezi.*

"Sawa," Ansel alisema.

Besi ilikuwa ikitikisa ukuta nyuma yao. Curtly alilia bila sauti, maana hakuwa tena na kilio kingine.

"Ile nusu nyingine ya ubeti," Ansel akasema baadaye, "ulitaka kusemaje?"

Curtly akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwishowe akarudisha simu mfukoni, akamshika Ansel bega, wakabaki hivyo mpaka Bi Verna alipotoka kuwatafuta, koti la mwanawe mkononi.