Pikipiki Aliyoachiwa Eliezeri

Tulimzika Eliezeri fundi wiki iliyopita, hapa hapa Ipogolo, na nimerudi kutoka makaburini na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema marehemu alikuwa mcheshi. Mzee wa kanisa alisema hivyo, jirani alisema hivyo. Hata mwanawe Ambrosi, kijana mpole asiye na ubaya na mtu, alisema baba yake alikuwa fundi hodari kiasi kwamba mteja mmoja wa Usangu aliridhika na kazi akamwachia pikipiki nzima kama shukrani. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilitazama chini, maana msibani hakusemwi kila kitu. Hapa sipo msibani.

Kwanza nimpe haki yake. Ufundi aliujua. Baba yake alikuwa mwinjilisti maskini, shule ikamshinda Eliezeri, akaenda kuomba kazi kwenye kambi ya watu waliokuwa wakijenga barabara ya lami ya kwenda Zambia. Huko alijifunza kwamba injini isiyowaka inaulizwa maswali matatu tu: ina moto? ina mafuta? ina hewa? Huko huko alikutana na msimamizi mmoja aliyekuwa na mchezo wake. Kibarua mgeni alishikishwa waya wa plagi kwa mkono mtupu, halafu mwingine akazungusha injini. Umeme ukimrusha kibarua, kambi nzima inacheka. Eliezeri alitusimulia mwenyewe kwamba siku yake alilia kama mtoto. Barabara ilipokwisha alirudi nyumbani na sanduku la spana, na mchezo ule alikuja nao pia.

Gereji yake ilikuwa kando ya barabara kuu, chini ya mlima, na mimi nilikuwa ng'ambo nashona viatu. Kwa hiyo sikuhadithiwa. Palikuwa na matairi mabovu yamepangwa, na kila asubuhi wasio na kazi walikuja kuyakalia kama watu waliolipia kiingilio. Ili utengenezewe gari kwa Eliezeri, ilibidi kwanza uchekwe. Mwalimu mmoja, shati jeupe pee, alitumwa atambae chini ya Landrova kutafuta nati iliyokuwa mfukoni mwa fundi. Dereva wa lori aliambiwa aibembeleze giaboksi kwa maneno matamu, tena kwa sauti. Lakini mchezo ulikuwa na mwisho wake: ukikasirika au ukimwomba, Eliezeri anashiba, anainama, na baada ya muda mfupi chombo kinanguruma. Wateja wote wa hapa walilijua hilo. Walikuja, walinyenyekea mapema, wakaenda zao.

Nkuba hakulijua. Alikuwa Msukuma, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mmoja wa wale waliohamia bonde la Usangu na mifugo yao kutoka kaskazini. Mguu wake wa kulia ulivunjwa na fahali na ukaunga vibaya, akawa anatembea kwa kuuburuta. Mzungu mmoja wa mashamba ya chai huko Mufindi, aliyekuwa anarudi kwao, alimwuzia kile kipikipiki cha ajabu: magurudumu matatu, matairi manene kama maboga, hakuna teke la kuwashia, unavuta kamba. Kilikuwa kimetumika sana lakini kilikuwa kizima. Nkuba alikipanda mwenyewe mpaka Igowole, akaongeza petroli kutoka kwenye dumu la muuza duka, akaenda hatua chache, kikazima. Basi akakipakia kwenye lori mpaka kwa fundi anayesifiwa. Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na saba, mwisho wa masika.

"Shikamoo, baba," Matilda muuza chai alimwamkia aliposhuka.

"Marahaba, mama."

Eliezeri hakumwamkia, ingawa yule alikuwa mkubwa wake. "Haya, Msukuma," alisema. "Ng'ombe umemwacha wapi, umetuletea chura?"

Watu wa matairini wakacheka. Nkuba aliwatazama kwa utulivu, akaeleza shida yake kwa Kiswahili cha kutafutatafuta maneno. Ng'ombe wa baba yao hawajagawanywa, anayeshika fimbo ya kuwaongoza ni yeye, mkubwa. Mdogo wake anaitwa Seni. Mwezi ukiandama, mifugo inahama kushuka Ihefu kwenye majani, na Seni amesema mbele ya wazee kwamba asiyeweza kuifuata mifugo kwenda Ihefu hawezi kuishika fimbo. "Mguu yangu haiendi," alisema Nkuba. "Hii ndiyo mguu. Iwake kabla mwezi haijaandama, fundi."

Alisema hivyo mbele yetu sote, na Eliezeri alisikia vizuri.

Fundi akafungua kifuniko cha tangi, akainama kunusa. Nilimwona akitulia kidogo, halafu akatabasamu peke yake, akafunga. Kisha akaifungua plagi, akaiacha ikining'inia, akamwita Nkuba.

"Shika hapa, mzee. Penye chuma. Tupime moto."

Nkuba akashika. Eliezeri akavuta kamba. Mkono wa yule mtu uliruka mpaka usoni kwake, akapepesuka kwenye mguu mbovu, akaanguka kwenye vumbi lenye oili. Matairini watu walipigana vikumbo kwa kicheko. Nami nikangoja matusi, kwa sababu kwa kawaida hapo ndipo mteja anatukana na fundi anashiba.

Nkuba aliinuka, akajipangusa. "Asante, fundi," alisema. "Nishike tena?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hakuwa mjinga, msije mkafikiri hivyo. Alikuwa mtu ambaye kila kitu kigumu maishani mwake kilitengenezwa kwa maumivu na masharti. Ndama anachomwa chapa. Mgonjwa anachanjwa, anapakwa dawa inayowasha, anakatazwa hiki na kile mpaka apone. Mguu wenyewe ulivutwa na watu wanne akiwa ameuma kijiti. Sasa amefika kwa bingwa wa mashine, ameumizwa, naye akaona ndiyo matibabu yameanza. Angelalamika kwa nini?

Eliezeri alichukia. Alizoea kuombwa, na huyu anashukuru. Akamshikisha waya tena na tena siku ile, na kila mara alishukuriwa. Jioni akatafuta jingine.

"Sikiliza, Msukuma. Injini ya namna hii haiwaki kwa mtu aliyekula. Ina wivu. Usitie kitu tumboni mpaka iwake. Maji tu."

"Maji ruhusa?"

"Maji ruhusa."

Akalala pale gereji juu ya magunia, bila kula. Asubuhi Matilda alimpelekea chai na kiazi, akakataa kwa adabu. Matilda akaja juu. "Baba, huyu anakucheza! Hakuna mashine inayojua umekula nini!" Mimi nikavuka barabara nikamwambia hayo hayo. Alitusikiliza sote wawili, halafu akatuuliza, bila ukali, "Mganga akikwambia usile, halafu mpishi akakwambia kula, wewe utapona kwa nani?" Matilda akamgeukia Eliezeri, akaambiwa arudi kwenye masufuria yake. Watu walicheka hilo nalo.

Siku ya pili fundi alimvutisha kamba. "Vuta! Mpaka nikuambie basi." Mtu mwenye njaa, mguu mmoja mbovu, anavuta kamba ya injini ambayo mwenye gereji anajua kabisa haiwezi kuwaka. Ngozi ya viganja ikachunika. Walevi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, walikuja na vikombe vyao kumhesabia kwa sauti, wakipoteza hesabu na kuanza upya. Eliezeri alikaa kwenye boksi akila mkate, akitafuna polepole, akimtazama usoni. Alitaka aone kitu kimoja tu pale, na hakikuonekana. Nilimchukia siku ile na sijaacha.

Jioni Nkuba aliacha kamba, akasimama barabarani akitazama juu ya mlima kule jua lilikozama. Mwezi ulikuwa umeandama, mwembamba. Akarudi kwa fundi.

"Mwezi hiyo."

"Nimeuona," alisema Eliezeri.

"Basi iwake leo."

"Kesho."

Nkuba alifikiri. "Seni ni ndugu yangu, tumbo moja. Atanisubiri siku moja," alisema, lakini alikuwa anajiambia mwenyewe. Kama angeomba wakati ule, kwa sauti ya kuomba tunayoijua sisi, nadhani Eliezeri angeinama na spana. Yeye akaenda kulala kwenye magunia.

Kesho yake ilipita vile vile. Siku iliyofuata, alasiri, mkewe Nyamizi alishuka kwenye lori la vitunguu baada ya kuulizia kile kipikipiki njia nzima, mwanamke mrefu, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa na furushi mgongoni, na mkononi fimbo nyeusi ya kuchungia, iliyong'aa pale mkono unaposhika. Alimwona mumewe akivuta kamba, midomo imepasuka, akasimama kwanza.

Walisalimiana kwa Kisukuma, kwa kirefu, kama vile hakuna haraka. Halafu akampa fimbo, na alichosema alikisema kwa Kiswahili ili wote tuliokuwa pale tusikie, kwa sababu alikuwa na hasira na hakujua amtupie nani.

"Seni hakusubiri. Mwezi imeonekana, asubuhi yake wamehama. Wazee wamempa fimbo mpya. Hii ya kwako amesema nikuletee. Amesema ikusaidie kutembea."

Hakuna aliyecheka matairini. Nkuba aliishika fimbo, akaigeuza, akaisimamisha chini, akaona kweli kimo chake kinamfaa mtu mwenye mguu mbovu. Akajiegemeza.

Eliezeri aliinuka kwenye boksi. Sijui kama aliona haya au alichoka tu, na siku ya maziko nilijiuliza tena nikashindwa. Alikifungua kibakuli cha chini ya kabureta, akamimina mkononi. Yakatoka maji meupe yenye mapovu, harufu tamu iliyochacha ikasambaa gereji nzima, na walevi waliitambua kabla hajasema neno. Akamwaga tangi lote kwenye mchanga. Akapuliza kabureta, akakausha plagi, akatia petroli safi robo chupa. Akavuta kamba mara moja tu.

Kikawaka. Kiliwaka vizuri kama kipya.

"Ulanzi!" Eliezeri alipaza sauti juu ya ngurumo, akiwageukia watu wake, akirudi kwenye ucheshi kama mtu anayerudi nyumbani. "Muuza duka wa Igowole kaweka petroli kwenye dumu la ulanzi! Pikipiki ilikuwa imelewa! Nimeinusa tangu dakika ya kwanza!"

Wawili watatu walijaribu kucheka.

Nyamizi aliuliza, "Tangu ya kwanza?"

"Tangu nilipofungua tangi, mama."

Nyamizi akamgeukia mumewe akamweleza kwa Kisukuma, taratibu. Maneno yale siyajui, lakini uso nilikuwa nauona. Nkuba alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama viganja vyake. Akatazama lile boksi ambalo fundi alikalia akila mkate. Kisha akauburuta mguu mpaka kwenye mashine, akainama, na kwa mkono ule ule uliochunika akauchomoa waya wa plagi injini ikiwa inanguruma, akaushika penye chuma. Umeme ulimpiga, tuliuona mkono ukitetemeka mpaka begani, na hakuachia. Injini ikakohoa, ikazima. Nikasikia sufuria ya Matilda ikichemka ng'ambo.

Eliezeri alikuwa amerudi nyuma hatua nzima.

Nkuba akauweka waya juu ya kiti, vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Hakupandisha sauti.

"Kumbe haikuwa dawa," alisema.

Matilda alikimbia na chai na viazi kwenye sahani, amevaa kanga moja, analia waziwazi. Nkuba alipokea kwa mikono miwili, akamwuliza kwanza mkewe kwa macho, ndipo akanywa. Alikula akiwa amesimama, amegeukia barabara. Alipomaliza akamrudishia sahani, akamwambia asante, mama, neno lile lile alilokuwa akimpa Eliezeri kila aliposhtuliwa na umeme. Halafu akaondoka, fimbo mbele, mguu nyuma, Nyamizi ubavuni na furushi lake, kuelekea kituo cha malori ya Mbeya.

"We mzee!" Eliezeri alimwita. "Pikipiki yako je? Imeshapona!"

Hakugeuka. Eliezeri alikuwa bado ameshika kifuniko cha tangi mkononi, akatutazama mmoja mmoja, akingoja mtu wa kuanza kucheka.