Gari la Gidudu Haliwaki

Saa tatu asubuhi, katika gereji moja ya Bugembe, karibu na Jinja, Uganda, Marjan Jibril anakanyaga breki na kubonyeza kitufe cha kuwashia gari. Taa zote za dashibodi zinawaka, nyekundu na za manjano, kisha kimya. Ile ya kijani, inayosema gari liko tayari kuondoka, haiji. Anazima, anangoja kidogo, anabonyeza tena.

"Inanitazama tu," anasema, na kushuka bila kufunga mlango.

Kwa nje, gari lenyewe utalionea wivu. Boneti mpya, taa mpya, rangi inang'aa hata hujui upande gani ulipondeka. Ni gari la mseto, la petroli na umeme, ambalo hapa kila mtu huliita haibridi. Liligongwa na lori karibu na Busiu, kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo, likaletwa hapa juu ya brekidauni, lori la kubeba magari yaliyoharibika. Bodi imenyooshwa vizuri. Ila haliwaki.

Mwenye gari ni Gidudu, dereva wa gari la kukodiwa kutoka Mbale, na amepiga simu kwamba leo anakuja kulichukua. Aliuza shamba la mahindi ili alinunue, kwa sababu linakunywa petroli kidogo. Tangu ajali hajapata kazi nyingine, na mke na watoto wanamtazama yeye.

Marjan, mwenye miaka arobaini na sita, ni fundi umeme wa magari. Ni Mnubi, mjukuu wa askari, na Kiswahili, pamoja na Kinubi, ni lugha ya nyumbani kwao. Kwa Gidudu ni lugha ya wanajeshi waliomtia baba yake hofu zamani, ndiyo maana humwita Marjan afande na kucheka. Marjan hajawahi kushika bunduki.

Alianza na starta na jenereta za malori. Haibridi zilipoingia, wenzake wakaziogopa kwa sababu umeme wake unaua. Yeye akanunua moja iliyokufa, akaifungua kipande kwa kipande mpaka akaielewa. Madereva wa Mbale wakaanza kupita gereji za kwao na kuja Bugembe. Sasa gereji nzima inakula kwa jina lake.

Tatizo la gari hili amelitafuta hadi ndotoni. Betri ndogo ni nzima. Plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa aliichomoa, akairudisha, akasukuma mpini wake hadi mwisho, maana ukibaki kidogo tu gari linagoma. Sensa za ajali, zinazokata umeme gari linapogongwa, amebadilisha. Waya amezifuata moja moja. Kila kitu kilijibu mashine yake ya kupima, isipokuwa kompyuta kubwa inayoongoza gari zima.

Jana aliifungua kompyuta hiyo. Ilikuwa nyeusi ndani na ilinuka plastiki iliyoungua. Marjan akakaa chini. Kisha akaenda kwa Bruhan, fundi wa kuchomelea, ambaye wamefanya kazi pamoja tangu ujana na aliyemwoa dada yake. Akamuuliza, siku ile ulipochomelea, betri ilikuwa wapi?

Katika gereji hii kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Fundi umeme hutoa betri kwanza. Mchomeleaji hafungui moto mpaka ainue boneti na kuona kwa macho yake kwamba mahali pa betri ni patupu. Bruhan hajawahi kuruka hatua hiyo. Siku ile pia aliinua boneti.

"Mimi nilifungua, betri hakuna," Bruhan anasema, akitazama mikono yake. "Nikasema, Marjan ametoa yake. Nikachomelea."

Lakini kwenye gari hili betri ndogo haikai mbele. Iko nyuma, chini ya buti, na siku ile ilikuwa bado imeunganishwa. Marjan alikuwa Mbale kumzika shangazi yake. Aliondoka mbio baada ya swala ya alfajiri na hakumwachia mtu neno. Umeme wa kuchomelea ukapita kwenye waya na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Kompyuta iliyotumika inapatikana Kampala. Bei yake inakaribia yote ambayo Gidudu amekwishalipa kunyoosha bodi. Gidudu hana, Marjan hana, na Bruhan ndiyo kabisa.

Gidudu anafika kabla ya adhuhuri, amevaa shati lililopigwa pasi kama mtu anayekwenda harusini. Anapapasa boneti na kusifu rangi. Marjan anamweleza yote bila kuzunguka, ila jina la Bruhan halitaji.

"Nani aliunguza?" Gidudu anauliza.

"Sisi."

"Afande, mimi niliuza shamba."

Hagombi. Ingekuwa afadhali angegomba. Anafungua mlango wa nyuma, anachukua mwavuli na ndala za mtoto zilizokuwa chini ya kiti, kisha anavuka barabara kusubiri gari la abiria la kurudi Mbale. Ufunguo wake wa akiba anauacha juu ya paa. Bruhan anageukia ukuta na kulia.

Alasiri, wote wawili wanainua tena ile boneti. Bruhan, mwenye mkono mzuri wa rangi, anaandika kwa ndani, kwa herufi nyekundu: BETRI IKO NYUMA. Marjan anasema kila haibridi itakayoingia hapa itaandikwa hivyo kabla ya kuguswa. Bruhan anauliza kama itaingia nyingine. Marjan anashusha boneti.

Tumaini limebaki moja. Haibridi ya aina hii ikigongwa vibaya, ikafa isiweze kutengenezwa, mwenyewe huiuza kama chuma chakavu, na kompyuta yake huenda kwa bei ya kutupa. Marjan amewaambia madereva wa brekidauni kuanzia Jinja hadi Mbale wampigie simu kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nikimaliza kuswali nainua mikono nimwombee Gidudu," anasema, simu ikiwa gotini. "Halafu nashindwa. Maana ninachoomba ni mtu mwingine agongwe."