Weusi wa Dola

Sonara wa mtaa wetu, hapa Mji wa Kale, hushinda akisugua mapambo ya fedha ya watu hadi yang'ae, lakini sarafu zake kongwe za fedha, dola za Kimarekani, haruhusu hata kitambaa kizikaribie. Huzishika ukingoni kwa vidole viwili. "Weusi huu ndio umri wake; ukiufuta, thamani imekwenda," hunambia. Juzi, Idi ikiwa kesho yake, mkaza mwanawe alisugua masinia na mabirika yote kwa ndimu na jivu. Mzee akaukuta mkebe wa dola uani, mtupu, unametameta. Akamwita.

"Mwanangu, zilizokuwamo?"

"Zimo kwenye gunia hili la mchele, baba. Nimesugua mkebe tu."

Akachutama, akafukua mchele, akainua moja juani.

"Alhamdulillahi," akacheka, "bado chafu!"