Magoti ya Bracey na Magoti ya Tolliver

Serah Makena aliwafahamu wanaume wawili ambao jiji zima la Washington lilijidai kuwafahamu. Tofauti ni kwamba yeye aliwafahamu kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mwaka 1998 alikuwa na miaka arobaini na minne. Alifanya kazi kwenye kliniki ya tiba ya viungo huko Sterling, upande wa Virginia, karibu sana na uwanja wa Dulles, ndege zikipita chini hadi wagonjwa wananyamaza kuzisubiri ziishe. Hakuwa daktari wala mtaalamu. Alikuwa msaidizi: kujaza barafu kwenye vifuko, kupasha taulo moto, kusukuma vitanda, kuwainua watu wazito walioingia wakijifanya hawaumwi. Kwao Chuka, Kenya, alikuwa amezoea kupanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, kwa hiyo Mmarekani wa kilo mia na kumi hakumtisha.

Wanaume wenyewe waliitwa Bracey na Tolliver. Walichezea timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa umbo la yai na mabega ya plastiki, na wote wawili walikuwa lainbeka. Lainbeka husimama nyuma ya wale wanene wa mstari wa mbele, macho kodo, kisha humrukia yeyote aliyeshika mpira na kumbwaga chini. Ni kazi ya vijana. Bracey alikuwa na thelathini na sita, Tolliver thelathini na tano, na katika kazi ile umri huo ni wa kuombewa.

Msimu ule habari zilivuja kwamba timu ingembakiza mmoja tu. Basi redio ikapata chakula. Asubuhi Bracey na Tolliver, mchana Tolliver na Bracey. Nani ana mbio zaidi? Nani ameumia mara chache? Watu wazima walipiga simu kutoka kazini kuchangia habari za msuli mmoja wa paja. Serah alisikiliza huku akinyoosha mgongo wake mwenyewe, uliomuuma tangu Machi, na ambao hakuna aliyewahi kuupigia simu.

Mjuzi kuliko wajuzi wote alikuwa mumewe, Kamande. Alikuwa dereva wa gari la kubeba wasafiri wa Dulles, na redio yake haikuzimwa tangu asubuhi hadi jioni. Hakuwahi kuushika ule mpira hata siku moja, lakini timu aliiita "sisi". Kila Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili kule Silver Spring, upande wa Maryland, aliketi kwenye ukumbi wa chini wa kanisa na sahani ya chapati, akafungua mkutano.

"Bracey anacheza kwa akili," alisema. "Anausoma mchezo. Tolliver ni maguvu tu."

"Ah non, Kamande!" alimjibu Ntakirutimana, Mrundi mpole ambaye upole wake uliishia kwenye mambo ya mpira. "Tolliver ana moyo. Akili bila moyo ni nini, mon cher?"

"Nyinyi mnaongea tu. Mimi nimewasoma hawa watu miaka."

Serah aliwamiminia chai, akanyamaza. Kliniki ilimsainisha karatasi kwamba siri ya mgonjwa haitoki nje ya mlango, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Lakini kunyamaza kulimwasha. Huyo Bracey anayeusoma mchezo alishindwa kusoma karatasi yake ya mazoezi bila kuipeleka mbali kama anafukuza nzi, maana alikataa kata kata kuvaa miwani. Na Tolliver mwenye moyo alipiga kelele "Yesu!" kabla barafu haijamgusa, ilipokuwa bado mikononi mwa Serah.

Zaidi ya yote, walichunguzana.

"Miss Sarah," Bracey alimwuliza siku moja akiwa ndani ya hodhi la maji baridi. Alikuwa amemwita Sarah kwa miaka miwili. "Mwenzangu goti analikunja mpaka wapi siku hizi?"

"Muulize mwenyewe."

"Nikimuuliza atanidanganya."

Nusu saa baadaye akaja Tolliver, akilaza mwili wake kitandani kipande kwa kipande. "Yule mzee bado mnamvalisha soksi?" alisema akicheka.

"Na wewe leo kamba za viatu nani amekufunga?" Serah alimwuliza.

Tolliver alitazama viatu vyake. Alikumbuka kwamba si yeye aliyezifunga kamba zake, akaomba taulo nyingine.

Katikati ya Desemba, Alhamisi moja, timu ilimtuma mtu. Alikuwa kijana mwembamba, suti ya kijivu, faili kwapani, na hakika hajawahi kubwagwa na mtu yeyote maishani. Alitaka wachezaji wote wawili wapimwe siku moja, chumba kimoja, ili apeleke jibu lililonyooka. Bosi wa kliniki akakubali. Serah akapewa saa ya kuhesabia sekunde.

Kabla ya kipimo Bracey alimvuta kando, karibu na kabati la taulo.

"Jumapili kuna mechi. Nina tiketi mbili, viti vya mbele kabisa. Wewe na mumeo. Hesabu tu kwa huruma kidogo."

Hajamaliza kuondoka, Tolliver naye akatokea. Yeye alikuwa na jezi aliyoisaini, ampelekee mzee wake nyumbani afurahi.

Serah alibaki pale kabatini na taulo mkononi. Aliiona akilini sura ya Kamande akipewa tiketi zile. Miaka kumi na tisa ya ndoa na hajawahi kumpa zawadi ya kumfanya aruke. Leokadia, msaidizi mwenzake kutoka Bukoba, aliyasikia yote akiwa upande wa pili wa pazia.

"Dada, chukua tiketi ya huyu na jezi ya yule," alimnong'oneza, "halafu wote uwahesabie sawa sawa. Haki imetendeka."

Serah alicheka mpaka akaegemea kabati. Kisha akafuta macho. "Siwezi kusema uongo kwa ajili ya watu ambao hata jina langu hawajalijua," alisema, akaenda kazini.

Mashine zilipima zilichopima. Mwishoni bosi akaweka kiti kifupi katikati ya chumba. Mtu akae, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa, kwa nusu dakika, mara nyingi awezavyo.

"Jamani," Leokadia alisema kwa Kiswahili, "si kile tunachowapimia bibi waliovunjika nyonga?"

"Kimya, Leo."

Bracey alianza kwa kishindo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu anayeonyesha. Kwenye ya sita goti lake lilitoa mlio wa mlango wa ghalani. Kwenye ya tisa alianza kuongea na Mungu. Alifika kumi na moja. Tolliver alimtazama kwa dharau, akaketi, akaenda pole pole kwa hesabu zake, na sekunde ya mwisho alikuwa amening'inia nusu njia, si amesimama, si amekaa.

"Kumi na moja," alisema Serah.

"Hiyo ni kumi na mbili!"

"Hukufika juu. Kumi na moja."

Kijana wa faili akakuna kichwa. Alitumwa alete jibu lililonyooka, na hapa kumi na moja na kumi na moja. Tolliver akang'aka kwamba kiti chenyewe ni kibovu, kifupi mno, hakuna binadamu wa kufika hata kumi na tano. "Huyu mama mwenyewe hawezi!"

"Ajaribu," alisema kijana, labda kwa utani tu.

Serah alimkabidhi Leokadia ile saa. Alivua sweta, akaketi, akakunja mikono. Mgongo ulimuuma, lakini mgongo haukuwa na habari mpya. Alisimama, akakaa. Alifikiria vitanda vyote, watu wote aliowainua, na Leokadia akihesabu kwa Kiswahili kwa sauti inayozidi kupanda kama kwaya. Ishirini na nne.

Kisha Bracey akaanza kupiga makofi, na Tolliver, hana la kufanya, akapiga pia. Kijana alifunga faili bila kuandika lolote.

Jumapili iliyofuata Kamande alikuwa na chapati mkononi na hoja ndefu kuliko ibada. Bracey ana miaka miwili mizuri bado. Magoti yake ni chuma. Ntakirutimana akasema chuma ni Tolliver. Serah aliweka birika chini.

Siri za kliniki zilikuwa siri. Kiti kilikuwa kiti. Alikivuta kimoja cha darasa la watoto wa Sunday school, akakiweka mbele yao, akamgeukia mumewe.

"Baba Nyawira, kaa hapa. Kunja mikono. Simama na ukae mpaka niseme basi."

"Ya nini sasa, Mama Nyawira?"

"Wewe si unajua magoti?"

Watu walikuwa wamegeuka, hakuweza kukataa. Kamande alifika saba, na ya nane aliishikia meza. Ntakirutimana alifika tisa kisha akaomba maji kwa Kifaransa. Kina mama walicheka hadi mchungaji akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Wakirudi nyumbani, Kamande alisubiri wavuke mto Potomac ndipo akasema kwamba suruali ilimbana.

Timu iliwaacha wote wawili mwezi wa pili, ikamchukua mtoto wa miaka ishirini na mbili. Kamande akatangaza kanisani kwamba hilo alilisema tangu mwanzo. Tolliver alirudi kwao Georgia kufundisha watoto wa shule. Bracey aliajiriwa na redio, na sasa kila asubuhi alilinganisha magoti ya wenzake kwa sauti ya mtu ambaye goti lake halijawahi kulia.

Serah naye alimfuata bosi wake Jumatatu moja, akamwambia amechoka kubeba barafu za watu, anataka kusomea tiba ya viungo yenyewe. Bosi, aliyeona ishirini na nne kwa macho yake, alisaini barua ya kumruhusu bila kujadiliana. Masomo yalianza Agosti 1999, Jumanne na Alhamisi. Kamande alimpeleka kwa gari, redio imezimwa kwa amri, na Serah alikariri majina ya mifupa kwa sauti njia nzima.

"Na hilo la katikati ya goti, linalosagika, ndiyo nini?" Kamande aliuliza siku moja, akijifanya anaangalia kioo cha pembeni.

"Gegedu."

"Gegedu," alirudia pole pole. Kabla wiki haijaisha alikuwa akiwaeleza abiria wake wa Dulles habari za gegedu kama mtu aliyezisomea.