Sherehe ya Mzee Massoudi na Jina la Anselme

Siku ya kupewa medali, Mzee Massoudi alivaa suti ya kijivu aliyoshonewa mtaani kwao Buyenzi, akamwambia mkewe Sumaya kwamba leo, Mungu akipenda, mjane wa Anselme atatoka msibani. Habari ya medali yenyewe hakuigusa. Sumaya alimnyoosha kola, akamjibu, "Sawa. Lakini ule mwenyekiti wenu usimuamini sana."

Kama humjui Massoudi, basi pengine umewahi kuoga kwa jasho lake. Alizaliwa Buyenzi, mtoto wa fundi baiskeli, akaingia kiwanda cha sabuni akiwa kijana wa kukoroga mawese. Wakubwa wakaona ana kichwa, wakampeleka Ubelgiji kusomea kemia, akarudi na shahada na koti zito ambalo Bujumbura halikumfaa kitu. Alipanda taratibu mpaka akawa mkurugenzi wa kiwanda kizima, sabuni, rangi za nyumba na dawa ya mbu. Nchi jirani zilipotufungia mipaka na ile soda kali ya kupikia sabuni ikakoma kufika bandarini, alichoma maganda ya ndizi, akachuja majivu, akatoa sabuni laini ya rangi ya matope. Ilichukiza kuitazama, lakini mji uliiogea. Kwa hiyo heshima ilimstahili, hilo sibishani na mtu.

Ila kiwanda chenyewe kisingekuwepo bila Anselme, msimamizi wa wapishi wa sabuni, Mkatoliki wa Kamenge. Mwaka tisini na tano risasi zililia karibu na kiwanda, kila mtu akatimua mbio na kuacha sabuni ikichemka. Anselme alifika getini pamoja na wenzake, akakumbuka kwamba mvuke haujafungwa. Sabuni ikiachwa hivyo hufura, humwagika, moto ukaipata na jengo zima likaenda. Akarudi ndani peke yake, akafunga. Alipotoka, barabara ilikuwa imeshashikwa na vijana wenye silaha. Massoudi aliukuta mwili wake asubuhi kando ya mtaro.

Njia ya kwenda makaburi ya Wakristo ilikuwa imefungwa, na joto la Bujumbura unalijua. Massoudi na jamaa wa msikitini wakamwosha, wakamvika sanda nyeupe, wakamlaza kwenye makaburi ya Waislamu, ubavu wa kulia, akiangalia Kibla. Walifanya walichokijua. Msalaba hawakuweka, na hakuna aliyewaza kuweka.

Kampuni nayo iliandika kwamba Anselme ametoroka kazi. Lilikuwa neno jepesi. Mtoro halipwi chochote, wala familia yake. Nalo neno hilo likapanda mlima mpaka kwa ukoo wa Anselme, likanenepa njiani. Wakasema yuko Uvira, ameoa mwanamke mwingine. Basi wakakataa kuganduka, ile sherehe ya kumaliza msiba ambayo bila ukoo wa mume haifanyiki. Miaka sita Dévote, mke wa Anselme, hakuwa mjane wala mke wa mtu. Alipokwenda kwa wakwe zake na watoto, walimwuliza kama bwana anasalimu.

Massoudi aliwaonyesha kaburi. Sébastien, kaka mkubwa wa Anselme, alilizunguka, akacheka kwa uchungu.

"Muzee, unanileta kwa Waislamu, unaniambia mule ndani kuko mutu wetu? Mi nitakubali siku mukubwa wenu atasema mbele ya watu."

Ndiyo maana, alipoitwa kuambiwa habari ya medali, Massoudi hakushukuru kwanza. Alimwambia Sylvère, mwenyekiti wa kampuni, kwamba ataipokea kwa sharti moja: siku hiyo aseme hadharani kwamba Anselme alikufa akiokoa kiwanda. Sylvère alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ni maneno tu, Mzee wangu. Maneno yanatugharimu nini?"

Dévote na Sébastien wakaalikwa, wakakaa nyuma karibu na mlango. Ukumbi ulijaa suti na vitenge vya sherehe. Kwa desturi yetu, chupa haifunguliwi kabla neno halijatolewa, na anayepewa kinywaji hujibu kwa shukrani. Ugomvi hauna nafasi hapo. Meza zilijaa bia ya Primus, na mbele ya Massoudi wakaweka Fanta.

Sylvère alizungumza vizuri, tumpe haki yake. Alitaja Ubelgiji, akataja maganda ya ndizi, watu wakacheka. Kisha sauti ikawa nzito.

"Katika siku zile mbaya," alisema, "wakati wengine walitoroka kazi, mtu huyu alibaki!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sylvère akamfunga medali kifuani, wapiga picha wakasogea, na Massoudi, akiwa bado anangoja sentensi iliyofuata, aliinamisha kichwa na kutabasamu. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya kuwatakia watu kinywaji chema.

Aliomba kipaza sauti, akaisogeza ile Fanta pembeni.

"Anselme hakutoroka," alisema. "Alikufa. Alirudi kufunga mvuke, wakamuua. Mi nilimuzika na hii mikono. Sifa munazonipa leo ni za yeye."

Watu, Mungu atusamehe, wakapiga makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza. Mama mmoja mbele alifuta machozi na kusema tazama unyenyekevu wa mzee. Sylvère alisimama akamkumbatia. "Huyu ndiye Massoudi wetu," aliutangazia ukumbi, "hata leo anatetea marafiki!" Bendi ikaanza.

Massoudi alipita kati ya meza akamfuata Sébastien, aliyekuwa ameshatoka nje na kofia yake mkononi. Dévote alikuwa nyuma yake, akibana kitenge kana kwamba kuna baridi.

"Umesikia?" Massoudi alimwuliza Sébastien. "Nimesema mbele ya wote."

"Nimekusikia, Muzee. We ni rafiki yake, lazima umutetee. Lakini mukubwa amesema nini? Amesema walitoroka."

"Amesema uongo! Aliniahidi, na amesema uongo!"

"Mukubwa ni muongo?"

"Muongo kabisa!"

Sébastien aliitazama ile medali kwa muda, bila dharau, kama mtu anayetaka kweli kuelewa.

"Basi na hii amekupa ni ya uongo."

Massoudi alifungua kinywa. Miaka arobaini ya kazi ilikuwa imening'inia pale kifuani, mawese, Ubelgiji, maganda ya ndizi, macho yaliyochomwa na soda, na yote yalikuwa ya kweli. Alijua jibu linalotakiwa. Alijua pia kwamba lingemtoa Dévote msibani.

Alichelewa. Dévote aliona kule kusita, akamwonea huruma, na huruma hiyo Massoudi hakuweza kuivumilia.

"Ya uongo," alisema mwishowe, akaanza kuifungua.

"Achana nayo, Muzee," Sébastien alimwambia kwa upole, akivaa kofia yake. "Wakati anaifunga, ulikuwa unacheka. Shemeji, tuende, gari za Kamenge zitaisha."